UZI: Nyumba zilizofungwa ushago, jinsi ya kuzirudisha zikalike tena, kuanzia makaratasi hadi mabati

#1 FundiLuanda

Wadau, hapa Kenya ukishika barabara ya Luanda kwenda Siaya, au ukipita vijiji vya Maragoli, au ukikata Njoro kuelekea Mau Narok, hukosi boma lenye nyumba nzuri ya matofali, kufuli limeshika kutu na mpapai umechomoza jikoni. Mwalimu wa shule ya jirani naye anapanda boda kila asubuhi kutoka mjini kwa kuwa hapati chumba cha kupanga. Uzi huu ni wa kazi tu: kipi kiangaliwe, kipi kitangulie, vifaa kiasi gani na pesa hupotelea wapi. Mwenye kujua sheria aandike ya sheria, mwenye kujua maji aandike ya maji.

Naanza na ukaguzi. Beba timazi, pimamaji, kisu chembamba, tochi, tepu na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2. Usikimbilie ndani. Zunguka uwanja kwanza na ile nondo, kwa sababu boma lililokaa miaka kumi halikosi shimo la choo ambalo magogo ya kifuniko yameozea chini ya nyasi. Dalili ni mduara uliobonyea, au mgomba uliostawi kuliko wenzake. Dunga nondo mbele ya mguu kabla ya kukanyaga; ikizama bila kukaza, rudi nyuma. Lori la mchanga lisiingie uwanjani kabla hujamaliza hilo.

Ukutani, tundika timazi kila pembe. Ukuta wa chumba uliolala zaidi ya sentimita 3 kutoka juu hadi chini usipandishwe paa jipya kabla mhandisi hajauona. Nyufa zisome zilivyokaa. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha unasema msingi umesogea. Ufa uliolala chini kidogo ya paa unasema paa linasukuma ukuta nje. Ufa uliosimama wima pale chumba kipya kilipoungwa na cha zamani mara nyingi ni kwamba kuta hazikufungamanishwa, na huo si wa kukukosesha usingizi.

Ndani, funga milango saa sita mchana utazame juu. Vinukta vya mwanga vinakuonyesha matundu ya misumari. Halafu tumia kisu: dunga mbao inayolala juu ya ukuta, hasa kwenye pembe na chini ya kila alama ya maji, kisha ncha za makombamoyo zinazotokeza nje. Kisu kikizama sentimita moja bila kulazimishwa, mbao hiyo imekwisha hata kama rangi yake bado inang'aa. Mchwa hula ndani na kuacha ganda.

Uamuzi wangu ni huu: kuta zikiwa wima na msingi mzima, okoa nyumba hata kama paa limekwisha lote. Msingi ukiwa umekatika, vua mabati, milango, madirisha ya chuma na mawe, ujenge upya kidogo pembeni. Watu hupoteza pesa wakifanya kinyume: paa jipya juu ya ukuta unaotembea.

#2 KaraniWaZamani

Fundi, wewe umeanza na kisu. Mimi ningeanza na cheti cha kifo. Nyingi ya nyumba hizi hazikuachwa kwa sababu ya paa. Hati bado ina jina la babu, babu kazikwa nyuma ya jikoni, na watoto wake kila mmoja anamngoja mwenzake. Nani atatia pesa kwenye ukuta ambao kesho unaweza kuangukia fungu la ndugu yake?

Fanyeni utafutaji rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti muone jina la mmiliki, na kama shamba lina mkopo au kizuizi. Likiwa jina la marehemu, njia ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Hitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja wote walioachwa, na matokeo ya utafutaji wa hati. Fomu kuu ni P&A 80 ambayo ni ombi lenyewe, P&A 5 ambayo ni kiapo, na P&A 38 ambayo warithi wengine hutia sahihi kuridhia. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na pingamizi hungojwa siku 30. Msimamizi akishateuliwa, uthibitisho huja baada ya miezi 6, isipokuwa korti ione sababu ya kuharakisha. Kabla ya uthibitisho hakuna kugawa wala kuuza ardhi. Baada yake ndipo unapeleka LRA 39 na LRA 42 kwa msajili wa ardhi.

Kinachoharibika mara nyingi ni ile barua ya chifu: wanaandikwa wavulana, mabinti walioolewa wanaachwa. Kifungu cha 38 kinawagawia watoto wote sawasawa, binti aliyeolewa akiwemo. Akifichwa, anaweza kuomba usimamizi ubatilishwe kwa kifungu cha 76 hata kama nyumba imeshakarabatiwa na wapangaji wamo. Mzee akiwa alioa wake wengi, kifungu cha 40 kinahesabu kila nyumba kwa idadi ya watoto wake, na mke aliye hai huongezwa kwenye hesabu. Mjane wa mke mmoja mwenye watoto ana haki ya kutumia mali hiyo maisha yake yote, kwa hiyo msimruke kwa kuwa tu anakaa kwa binti yake Eldoret.

#3 MtotoWaKati

Karani, na kama ndugu wameelewana na hakuna vita yoyote? Lazima korti kweli, au wanaweza kuipangisha tu wagawane kodi?

#4 KaraniWaZamani

Kuelewana kunasaidia sana, lakini hakuchukui nafasi ya korti. Andikeni makubaliano, wote watie sahihi, yawasilishwe pamoja na maombi. Hapo kesi inatembea bila kugombana. Ila kifungu cha 45 kinakataza mtu asiye na mamlaka kuishika mali ya marehemu au kuitumia apendavyo, na adhabu ni faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kufunika tundu la paa ili nyumba isianguke ni kitu kimoja. Kuingiza wapangaji na kula kodi kabla hamjateuliwa ni kitu kingine.

Jambo jingine la kuangalia wakati nyumba iko tupu ni mlinzi. Mtu akikaa kwenye ardhi waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe kwa miaka 12 mfululizo, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inamfungulia mlango wa kudai umiliki. Anayekaa kwa ruhusa hawezi kudai hivyo. Kwa hiyo mlinzi apewe barua ya ukurasa mmoja: anaishi hapa kwa ruhusa ya fulani, anatunza nyumba, halipi kodi, na ataondoka akipewa notisi ya mwezi mmoja. Tarehe, sahihi, mashahidi wawili. Iandikwe upya kila mwaka.

Na kama mnauza badala ya kukarabati, shamba la kilimo linahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini mkataba hauna nguvu. Urithi wenyewe hauhitaji idhini hiyo, ila mkikata shamba vipande vyenye hati tofauti mnaingia kwenye bodi.

#5 FundiLuanda

Asante Karani. Sasa paa, maana kila kitu kingine kinangoja paa.

Chukua nyumba ya mita 9 kwa 6, ile ya futi 30 kwa 20 iliyojaa huku kwetu. Paa la pande mbili, michirizi itokeze sentimita 60 pande zote, mwinamo wa digrii 20 hivi. Kila upande unateremka karibu mita 3.8. Mabati ya mita 2 mawili, yakilaliana sentimita 15, yanakupa mita 3.85, hakuna kukata. Upana unaofunikwa na bati moja upime dukani, kwa sababu watengenezaji hutofautiana. Ukichukulia sentimita 75, urefu wa mita 10.2 unataka safu 14. Safu 14 mara mabati 2 mara pande 2 ni mabati 56. Vifuniko vya mgongo vya mita 2 ni 6.

Mbao za kubeba mabati ni za inchi 3x2, mistari 5 kila upande, nafasi kama sentimita 95. Mstari wa kati lazima ukae chini kabisa ya pale mabati yanapolaliana. Jumla ni mita 102, yaani futi 335; nunua futi 370 kwa ajili ya vipande vinavyopotea. Kenchi ni mbao za 4x2, moja kila futi 4 hadi 5. Misumari ya mabati yenye mpira ni kama 560. Kilo 7 zinatosha. Msumari unapigwa kwenye kilele cha wimbi. Ukipigwa bondeni, maji yote ya bati yanapita juu ya tundu lake. Na usiupige mpaka mpira upasuke: mpira ukipasuka leo, paa litavuja mvua ndefu ijayo.

Kenchi zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma uliozamishwa matofali matatu kwenda chini. Upepo wa huku hauli paa kwa kulibonyeza, hulinyanyua. Nyumba nyingi za zamani hazina linta, yaani mkanda wa zege, juu ya kuta, kenchi zimekaa tu juu ya tofali. Ukivua paa, hiyo ndiyo nafasi ya kumwaga linta: upana sentimita 15, kimo 20, nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Kwa kuta za nje tu, mzunguko wa mita 30, zege ni meta mchemraba 0.9, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) ni mifuko 6 ya simiti ya kilo 50, na nondo 11 za mita 12 ukihesabu maungio.

#6 Kijana_Bondo

Fundi geji 32 si ni nafuu? Tofauti ni nini haswa?

#7 FundiLuanda

Geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni kama milimita 0.3, na 32 iko chini ya hapo. Geji 32 fundi akiikanyaga katikati ya mbao inabonyea, wimbi linakufa na maji yanatuama. Nyumba ya kupangisha iwekwe 30 au 28. Geji 32 ibaki ya jiko na banda la kuku.

#8 Nyar_Kano

Haya ya FundiLuanda ni ya ardhi nyekundu ya Vihiga na Siaya. Ahero, Nyando na Kano yote tuko juu ya udongo mweusi wa pamba, na huko nyumba huvunjwa na ardhi yenyewe. Udongo huu ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukuta unainuliwa Aprili na kuachiliwa Januari.

Kabla hujaziba ufa wowote, jua kama uko hai. Gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa bonge la simiti kila upande, andika tarehe ukutani kwa msumari, usubiri mvua ndefu za Machi hadi Mei zipite na kiangazi kifuate. Kioo kikivunjika, ufa unatembea na plasta yoyote utakayopaka itapasuka palepale.

Kwa nyumba iliyokwisha kusimama, usikimbilie kuchimba msingi. Fanya unyevu wa udongo usibadilikebadilike. Weka gata na mabomba ya kupeleka maji mbali, kisha zungushia nyumba kibaraza cha zege cha upana wa mita 1 hadi 1.2, kinachoinama kutoka ukutani, na nailoni nzito chini yake. Ng'oa mikaratusi iliyo karibu. Mti wa mita 15 ukae angalau mita 15 kutoka kwenye msingi, kwa kuwa mizizi yake inanyonya maji upande mmoja na nyumba inazama upande huo. Unaojenga upya, chimba udongo mweusi mpaka ufikie ardhi ngumu, mara nyingi mita 1 hadi 1.5, ujaze maramu kwa tabaka za sentimita 15 ukishindilia kila moja.

Kisha kuna mafuriko. Tafuta alama ya juu kabisa ya matope ukutani, na sakafu mpya ikae sentimita 30 juu ya hapo. Kama hilo linakulazimu kugonga kichwa kwenye linta ya mlango, nyumba hiyo usimpangishe mtu. Vua mabati uende nayo juu.

#9 MamaUdongo_Butere

Mbona kila mtu anaongea matofali? Nyumba zilizoachwa nyingi ni za udongo na nguzo, na hizo ndizo nafuu kuliko zote kuzirudisha. Nguzo huoza sehemu moja tu, pale zinapotoka ardhini. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie mti mzima, kama sentimita 30 juu ya ardhi, weka kitako cha zege au jiwe lililochongwa, uunganishe kwa vyuma bapa viwili na bolti. Nguzo moja kwa wakati, na kabla ya kukata simamisha gogo la kushikilia paa.

Udongo wa kukandika: chukua wa chini ya nusu mita, usio na mizizi, uchanganye na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, uukanyage, uuache ulale siku mbili tatu. Paka kwanza kipande cha futi moja kwa moja. Kikipasuka kikikauka, ongeza mchanga. Kikimomonyoka ukikisugua kwa kiganja, ongeza udongo wa mfinyanzi.

#10 FundiLuanda

Mama, sawa, lakini mpangaji anataka ukuta laini wa kupaka rangi. Wanapiga waya wa kuku, wanapaka simiti, nyumba inaonekana ya kudumu.

#11 MamaUdongo_Butere

Inaonekana, ndiyo. Simiti ya 1:3 ni ngumu na haipumui, udongo nyuma yake unavimba na kunywea. Ufa mdogo ukitokea, maji yanaingia yasitoke, udongo unageuka uji na plasta inadondoka vipande vya ukubwa wa meza. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipo na sauti ya debe tupu, tayari imeachana na ukuta. Tumia chokaa ya kujengea, sehemu 1 kwa mchanga 3, juu ya tabaka la udongo lililokwaruzwa. Ukiwa huwezi kuishi bila simiti, basi 1:1:6, simiti, chokaa, mchanga, na waya wa kuku upigiliwe kwenye nguzo zenyewe, usiuning'inize kwenye udongo. Zaidi ya yote, michirizi ya paa itokeze sentimita 75 na sehemu ya chini ya ukuta, sentimita 45, ikingwe kwa mawe. Hapo ndipo mvua inaporukia.

#12 FundiLuanda

Nakubali ya 1:1:6. Mchanganyiko huohuo ndio wa kuzibia maungio ya matofali yaliyojengwa kwa tope, ambayo Bungoma na Kakamega yamejaa: kwaruza tope nje sentimita 2 hadi 3, lowesha, ujaze. Kwenye ukuta wa matofali wa kawaida plasta ya 1:4, unene milimita 15, mfuko mmoja unafunika kama meta mraba 9.

Mchwa nao. Chimba mfereji wa upana wa sentimita 15 na kina cha 30 kuzunguka msingi, umwage dawa ya mchwa iliyochanganywa kama kibandiko kinavyosema, lita 5 kwa kila mita. Kwa nyumba yetu ya mzunguko wa mita 30 ni lita 150, na udongo unaourudisha nao uloweshwe. Watu hupiga lita 20 kwa pampu ya mgongoni wanashangaa mchwa wanarudi. Hawakuweka ukuta wa dawa, walinyunyiza maua. Oili chafu ya gari haifanyi kazi hiyo, inanuka na kuharibu udongo tu. Kisima kikiwa karibu na ukuta, acha dawa kabisa, weka ukanda wa bati uliokunjwa kati ya msingi na mbao.

Sakafu, kwa chumba cha mita 3.6 kwa 4.5: mawe yaliyoshindiliwa sentimita 15, vumbi la kokoto la kulainisha, nailoni ya geji 1000, zege la sentimita 10. Hiyo ni meta mchemraba 1.62, mifuko 10 hadi 11 kwa 1:2:4. Mwagia maji siku 7. Ukiruka nailoni, godoro la mpangaji litakuambia.

#13 AfyaMashinani

Niongeze yale ambayo mafundi hawapendi.

Kisima cha zamani: mtu asishuke peke yake, na asishuke kabla hewa haijapigwa chini kwa muda. Mshumaa ulioteremshwa kwa kamba ukizimika, hewa haifai kwa binadamu. Ukiwaka, bado si cheti cha usalama, kamba ya kumvuta mtu iwe kiunoni mwake. Toeni takataka na matope, kisha tieni klorini. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya kina cha mita 4 kina lita 3,140 hivi. Kwa miligramu 50 za klorini kwa lita, unga wa klorini wa asilimia 65 unaohitajika ni gramu 240. Koroga unga kwenye ndoo ya maji, yaani unga unaingia majini, usimimine maji juu ya unga. Mwaga, zungusha, acha hadi kesho yake, kisha vuta maji mpaka harufu iishe, usiyaelekeze kwenye bwawa la samaki. Peleka sampuli maabara kabla mpangaji hajahamia.

Choo kipya kikae angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko, na kitako chake kisikaribie maji ya ardhini. Kano na Budalang'i hiyo ina maana choo kilichoinuliwa juu ya ardhi. Lile shimo la zamani alilolitaja Fundi lijazwe udongo na mawe, lisijazwe takataka, na uache kichuguu cha sentimita 30 juu kwa sababu litabonyea.

Sakafu ya vumbi iliyokaa tupu huwa na funza. Lowesha, fagia, nyunyiza dawa, kisha mwaga zege. Popo darini: kinyesi chao kikavu kina ukungu unaoingia mapafuni. Kiloweshwe kabla ya kukwanguliwa, barakoa ya N95, glavu, mifuko miwili. Matundu yasizibwe popo wakiwa ndani, maana watafia humo na harufu haitatoka. Ziba yote ila moja, kwenye hilo moja ning'iniza mfuko wa wavu ulio wazi chini ili watoke wasiweze kurudi, uache usiku kadhaa, ndipo uzibe. Kama kuna vitoto visivyoruka, ngoja vikue.

#14 Shamba_Njoro

Upande wa Nakuru ongezeni mambo mawili.

La kwanza ni nyumba za mashamba ya zamani ya walowezi, Molo, Njoro, Rongai hadi Subukia. Paa la kijivu nene lenye mawimbi makubwa, halina kutu hata chembe, limeota kuvu, ukiligonga linatoa sauti nzito: chukulia ni asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usitoboe, usisugue kwa brashi, usilivunje kulitupa kwenye korongo. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na anayeiondoa na kuisafirisha lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Huloweshwa, hufunguliwa bati zima zima, hufungwa kwenye nailoni nzito. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti kabla ya kununua nyumba, kwa sababu inaweza kugeuza hesabu yote.

La pili ni maji ya visima virefu. Bonde la Ufa lina floridi nyingi, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaikoleza. Vuneni maji ya paa kwa kunywa. Lile paa la Fundi lina meta mraba 73 ukilipima kutoka juu. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, ukitoa asilimia 20 inayopotea, unapata kama lita 1,170. Kisumu yenye mvua karibu milimita 1,300 kwa mwaka ni lita 76,000 hivi. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe. Paa la asbesto halihusiki hapa.

#15 Stima_Kakamega

Fupi. Nyaya za zamani usiziamini hata kama taa inawaka. Panya wamekula ganda. Taa waya wa milimita mraba 1.5, soketi 2.5, kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30, na fimbo ya ardhi mpya, maana Kakamega radi si hadithi. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, atoe cheti, na akaunti ya Kenya Power iondolewe kwenye jina la marehemu wakati makaratasi ya Karani yakiwa tayari. Deni la zamani liulizwe mapema.

#16 Kijana_Bondo

Nimesoma kwamba Ayalandi serikali inatoa hadi euro 50,000 kukarabati nyumba tupu na 70,000 ikiwa gofu. Sisi tunangoja nini?

#17 KaraniWaZamani

Soma na masharti yake. Nyumba iwe imekaa tupu miaka miwili au zaidi, iwe imejengwa 2007 au kabla, na mwombaji athibitishe umiliki. Nusu ya maboma tunayoyazungumza hapa yangekwama kwenye hilo la mwisho.

Kwetu kinachowezekana bila ruzuku ni mpangaji kukarabati na kukatwa kodi. Walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro wanatafuta keja, kwa hiyo mpangaji yupo. Mfano: kazi ya shilingi 84,000, kodi 3,500 kwa mwezi, inalipwa kwa miezi 24. Msizidishe miaka miwili, kwa sababu upangaji wa hadi miaka miwili hausajiliwi, na ukipita hapo mnaingia kwenye usajili wa ukodishaji. Mkataba utaje kazi moja moja, vifaa na viwango vyake, kwa mfano mabati 56 ya geji 30, risiti zikabidhiwe, picha kabla na baada, nani analipia kitu kikiongezeka, na kwamba mpangaji akihama mapema havui alichopigilia bali anarudishiwa salio kwa utaratibu ulioandikwa. Mkataba wa mdomo hufa bei ya simiti ikipanda.

Ushuru: kodi ya nyumba za kuishi ikifika shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, ushuru wake ni asilimia 7.5 ya kodi yote tangu Januari 2024, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya nyumba iliyokatwa kwa ukarabati bado huhesabiwa. Nyumba moja ya 3,500 haifiki huko, lakini KRA, mamlaka ya ushuru, hujumlisha nyumba zako zote za kupangisha.

#18 Nyar_Kano

Na kabla ya nyundo ya kwanza, wazee waulizwe. Nyumba ya mwenye boma aliyefariki haibomolewi kiholela, na ndugu aliyekasirishwa na nyumba ya baba yake kubomolewa bila kuambiwa ndiye anayepeleka pingamizi kortini. Makaburi yapimwe na kuchorwa kwenye ramani ya boma, mashimo ya choo na ya maji machafu yakae mbali nayo. Mpangaji aonyeshwe yalipo siku anapokuja kutazama nyumba, asiyagundue akilima sukuma.

#19 MtotoWaKati

Swali la mwisho. Pesa ikitosha kitu kimoja tu kabla ya mvua, kiwe kipi, ikiwa korti bado?

#20 FundiLuanda

Funika. Turubai nzito, au mabati ya zamani yaliyopigiliwa juu ya matundu, na mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta, kina cha jembe moja, ukiteremka sentimita 2 kwa kila mita. Vua misumari iliyolegea upige minene zaidi palepale yenye mpira mpya. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana kila wiki, mlinzi anaweza. Kata nyasi mita 3 kuzunguka nyumba ili njia za mchwa zionekane ukutani. Kwa Karani hiyo ni kulinda mali, na kwangu ni mbao za 4x2 ambazo hutanunua mwakani.